Uzi: Njia ya mwanamke kuingia uongozini inapitia wadi, tuanze na Grace Onyango wa Kisumu mpaka magavana wa sai

Nyar_Kaloleni:
Habari zenu wadau. Nimekuwa nikisoma watu wakibishana hapa kuhusu magavana wanawake kama vile hii maneno ilianza 2022, ama ilianza na katiba ya 2010, na inanikera juu sisi wa Kisumu ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kujua haikuanza hapo. Mwaka wa 1965 huu mji ulikuwa na meya mwanamke, Grace Onyango, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya Kenya nzima, na uhuru bado ulikuwa mchanga.

Aliingiaje? Hapo ndio nataka tukae kidogo. Alikuwa mwalimu, akawa kwa Girl Guides, akawa mtu anajulikana mitaani, 1964 akachukua udiwani wa wadi ya Kaloleni, alafu meya Mathias Ondiek alipofariki madiwani wenzake wakamkalisha kwa kile kiti. Kwa hivyo kabla ya umeya alikuwa ameshaomba kura mlango kwa mlango kwa watu wanaomjua.

Alafu angalieni mwaka aliingia bunge. 1969. Mnajua 1969 ilikuwa nini kwa Kisumu? Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, Oktoba 25 Mzee Kenyatta akaja kufungua ile hospitali tunaita Russia, maneno makali yakarushwa pale kati yake na Jaramogi, watu wakapigwa risasi wakiwemo watoto wa shule, siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Disemba hiyo hiyo, mji bado uko kwa matanga, watu wa Kisumu Mjini wakaenda kupiga kura wakamchagua mama. Bunge la 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza Kenya kuingia kwa kura ya mwananchi. Akarudishwa 1974, akarudishwa tena 1979, akakaa mpaka 1983, na alikalia pia kiti cha Spika kama naibu wa muda.

Hoja yangu ni hii. Mwanamke mwenye anadumu siasani mara nyingi alianzia chini, kwa wadi ama kwa kazi ya watu, na pale wengi wanakwama si ile siku ya kura kubwa, ni kwa mchujo wa chama. Kama tunataka wengi zaidi basi tuache kuangalia juu tu, tuangalie wadi na tuangalie mchujo. Leteni wenu, nataka kusikia Nakuru, Busia, Kakamega, kote.

Kondele_Moja:
Dada heshima kwako, umeeleza vizuri, lakini wacha tuongee ukweli. Wengi waliopanda huko duniani walipandia jina la bwana ama la baba. Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka, waziri mkuu mwanamke wa kwanza duniani, Julai 1960, bwana yake alikuwa waziri mkuu akauawa 1959. Indira Gandhi wa India, baba yake ni Nehru. Corazon Aquino wa Ufilipino 1986, bwana aliuawa uwanja wa ndege akitoka uhamishoni. Benazir Bhutto wa Pakistan 1988, babake alikuwa waziri mkuu akanyongwa na serikali ya jeshi. Na hapa kwetu, Jayne Kihara aliingia Naivasha 2003 kwa uchaguzi mdogo baada ya bwana kufariki, Joyce Laboso akaingia Sotik 2008 baada ya dadake Lorna kufa kwa ile ajali ya ndege, Susan Kihika ni binti ya Kihika Kimani. Sasa hiyo wadi unasema iko wapi hapo?

Nyar_Kaloleni:
Kondele_Moja asante, hilo ndilo swali lenyewe. Sikatai kwamba jina linafungua mlango. Lakini Musalia Mudavadi alichukua Sabatia 1989 baada ya mzee wake Moses kufariki, Uhuru ni mtoto wa Kenyatta, Raila alikuwa mtoto wa Jaramogi, na hao hatuwaambii kila siku kwamba walibebwa. Mwanaume akirithi tunasema siasa iko kwa damu, mwanamke akirithi tunasema alihurumiwa.

Na pia angalia mtu anafanya nini akishaingia. Laboso huruma ilikuwa 2008, sawa. 2013 akachaguliwa tena, akawa Naibu wa Spika, mwanamke wa kwanza, 2017 akaenda Bomet akamshinda gavana Isaac Ruto akiwa ofisini. Hapo hakuna aliyempigia kura kwa sababu ya matanga. Mungu amlaze pema, aliondoka Julai 2019 kabla hata hajamaliza kipindi. Jayne Kihara naye alipoteza kile kiti, akakaa nje, akakirudisha 2017 na akakishikilia 2022. Mtu wa kurudi hivyo amejijengea jina lake mwenyewe.

Wa_Bahati:
Nakuru tumefika. Sijui kama watu wa kaunti zingine wanaelewa nini ilifanyika hapa 2022. Gavana mama, Susan Kihika. Seneta mama, Tabitha Karanja. Mwakilishi wa kike Liza Chelule. Alafu kwa maeneo bunge 11 tuliyo nayo, manne yakaenda kwa akina mama, Kihara Naivasha, Martha Wangari Gilgil, Charity Kathambi Njoro na Irene Njoki huku kwetu Bahati. Unapata mkutano mmoja pale jukwaani viongozi waliochaguliwa karibu wote ni akina mama na wazee wa mtaa wanasikiza tu kama kawaida, hakuna mtu anashtuka. Watoto wangu wasichana wanaona hiyo wanafikiri ndivyo dunia iko, na mimi nimefurahi sana wafikirie hivyo.

Kwa hoja ya dada, Kihika kabla ya ugavana alikuwa Spika wa bunge la kaunti 2013, seneta 2017, ndio 2022 akaingia. Hiyo ni hatua kwa hatua. Na 2017 ndio mara ya kwanza wanawake kuchaguliwa seneti, walikuwa watatu tu, yeye, Margaret Kamar na Fatuma Dullo. Lakini Tabitha Karanja hakupitia wadi mahali popote, alitoka kwa biashara ya kutengeneza pombe Naivasha moja kwa moja akaenda seneti. Kwa hivyo iko njia ingine nayo ni mfuko, na tusiifiche.

Ingine ya Nakuru ni tikiti. Huku 2022 ukipata ile ya chama cha UDA ulikuwa umemaliza kazi karibu yote, Agosti ilikuwa kuthibitisha. Kwa hivyo hao akina mama vita vyao vya ukweli vilikuwa Aprili kwa mchujo, hapo dada uko sawa kabisa.

Kijana_Funyula:
Watu wa Busia tuko. Msisahau Dkt Julia Ojiambo. 1974 alichukua kiti cha huku kwetu na akawa waziri msaidizi mwanamke wa kwanza Kenya, wizara ya nyumba na huduma za jamii. Mtaalamu wa lishe, mwalimu wa chuo kikuu. Mamangu anasema vile alikuwa akija kwa mikutano anawaongelesha akina mama kwanza kuhusu watoto wanakula nini, mambo ya unyonyeshaji na uji, ndio siasa inafuata nyuma, na wazee walikuwa wanasubiri. Sasa hiyo kwangu ni ile kazi ya watu dada anasema. 2007 bado alikuwa kwa uwanja, mgombea mwenza wa Kalonzo. Kutoka 1974 mpaka 2007, hesabuni hiyo.

Turbo_Road:
Kama ni 1974 basi Chelagat Mutai asipotajwa huu uzi haujakamilika. Eldoret Kaskazini walimchagua akiwa na miaka kama 25 hivi, alizaliwa 1949. Hana bwana, hana pesa, ametoka tu chuo kikuu, na akaanza kuuliza maswali ya mashamba ambayo hakuna mtu alitaka yaulizwe. 1976 wakamfunga miaka miwili na nusu, ati alichochea watu waharibu shamba la mkonge. Akatoka, 1979 watu wakamrudisha bunge. Akawa kwa lile kundi moja la wabunge na akina Orengo na Koigi walioitwa na waziri Njonjo dada saba wenye ndevu, na kati ya hao yeye pekee ndiye alikuwa mwanamke. 1981 wakamfuata tena na kesi ya marupurupu ya usafiri, akakimbilia Tanzania.

Alirudi 1984 na hakurudi tena kwa siasa vile alikuwa. Alifariki 2013 na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya shida. Hii inaniuma mpaka leo wadau, juu tunapenda kuhesabu wale walifika juu, na huyu alivunjwa katikati na hatuna barabara kubwa hata moja huku nimeiona ina jina lake. Dada hoja yako ya wadi ni sawa lakini Chelagat hakukwama kwa mchujo, alikwamishwa na serikali.

Nyar_Kaloleni:
Turbo_Road umeongeza kitu kikubwa na nakubali. Wakati wa chama kimoja serikali ilikuwa na mkono kwa kila kitu, mchujo wenyewe ulikuwa wa serikali. Kuna mtu mzima hapa anakumbuka mlolongo?

Mzee_wa_Mumias:
Binti yangu mimi nakumbuka. 1988 nilikuwa mtu mzima na boma langu. Wacha niwaeleze vijana venye ilikuwa, juu mnasikia tu jina. Asubuhi mnakusanyika uwanja wa shule, kila mgombea ana ajenti amesimama ameinua picha yake juu, mnaambiwa pangeni laini nyuma ya mtu wenu. Hakuna karatasi hakuna sanduku. Chifu yuko hapo, askari wa utawala wako hapo, baba mkwe wako yuko hapo, bwana yako yuko laini ile ingine anakuangalia. Sasa wewe mwambie mama atoke kwa laini ya boma lake aende kusimama nyuma ya picha ya mwanamke. Niliona mama mmoja ametoka, amevuka uwanja nusu, bwana akamwita jina lake mara moja tu, hata hakupaza sauti, na yule mama akageuka akarudi. Hakuna mtu alimpiga, hakuna mtu alimtisha. Na ile kura ilikuwa imeenda.

Mwenye alipita asilimia 70 kwa laini alikuwa ameshaingia bunge, hakuna kura ya siri tena. Na tuliona laini ndefu ikitangazwa imeshindwa na fupi. Kwa hivyo nikisikia akina mama waliokuwa kwa siasa miaka hiyo nawavulia kofia. Grace Ogot, muuguzi na mwandishi wa hadithi, alikuwa mbunge na waziri msaidizi katika hiyo hali yote. Mama Phoebe Asiyo wa Karachuonyo aliingia bunge uchaguzi wa 1979, na alikuwa amewahi kuwa mkubwa wa magereza na wa Maendeleo ya Wanawake. Hao walikuwa wanawake wa chuma.

Nyar_Kaloleni:
Mzee asante sana, shikamoo. Hiyo ya mama kuvuka uwanja nusu nimeisoma mara mbili.

Na umemtaja Asiyo, yeye ndiye anaunganisha hii hadithi yote. 1997 alipeleka hoja bungeni kwamba wanawake watengewe viti, ikaangushwa. Hakukaa chini. Akaingia kwa ile tume ya katiba ya Yash Pal Ghai, na mwishowe 2010 tukapata viti 47 vya wawakilishi wa kike na ile sheria kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Alifariki Julai mwaka wa 2025 na ile sheria bado bunge halijaitekeleza, mpaka 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais avunje bunge kwa sababu hiyo, na halikuvunjwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Maeneo bunge ni 290. Wanawake waliochaguliwa huko walikuwa 16 mwaka wa 2013, 23 mwaka wa 2017, 29 mwaka wa 2022. Magavana kati ya 47 walikuwa sifuri, wakawa watatu, wakawa saba. Inapanda lakini polepole sana. Na wale saba wa 2022 hakuna ambaye alikuwa mgeni. Gladys Wanga wa Homa Bay alikuwa mwakilishi wa kike vipindi viwili, Fatuma Achani wa Kwale alikuwa naibu gavana vipindi viwili, Wavinya Ndeti na Cecily Mbarire walikuwa wabunge, Kawira Mwangaza alikuwa mwakilishi wa kike, Waiguru alikuwa waziri, Kihika tumeshamsema.

Kondele_Moja:
Dada hapo nakuunga mkono kwa hesabu, lakini hivi viti vya kutengewa vinaniletea shida. Mama akishakuwa mwakilishi wa kike watu wanaona kazi yake ni hema na viti na tangi za maji. Na wale MCA, yaani madiwani wa kaunti, wa kuteuliwa ndio kabisa, wanaitwa bonga points mbele ya watu, kama zile pointi za bure za simu, hawana wadi, hawana pesa ya wadi, wakisimama kuongea wanaambiwa wakae wao hawakuchaguliwa. Inaweza kuwa tunawafungia kwa chumba cha pembeni.

Kijana_Funyula:
Inategemea mtu anakitumiaje. Mama Samia wa Tanzania alianza 2000 na kiti maalum kule Baraza la Wawakilishi Zanzibar, akawa waziri huko, 2010 akagombea Makunduchi akachaguliwa, 2014 makamu mwenyekiti wa Bunge la Katiba, 2015 makamu wa rais, Machi 19, 2021 akaapishwa rais Magufuli alipofariki. Utawala wake watu wana maoni yao makali na hiyo ni mjadala mwingine, mimi naongea kuhusu njia aliyopitia. Kiti maalum kilikuwa mwanzo.

Wa_Bahati:
Martha Wangari wa Gilgil hivyo hivyo, alikuwa seneta wa kuteuliwa 2013, 2017 akaenda kuomba kura za eneo bunge akapata, 2022 akarudi. Kwa hivyo chumba cha pembeni kina mlango, lakini ni lazima utoke mwenyewe. Kama chama kinakuteua kila mara na hujawahi kuomba kura, hapo umefungiwa.

Turbo_Road:
Ama Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Alikuwa waziri wa fedha, akafungwa enzi za rais Doe, 1997 akagombea urais akapigwa na Charles Taylor, hakuacha, 2005 akamshinda George Weah, mtu mwenye alikuwa nyota wa mpira wa dunia nzima. Rais mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Afrika. Hakuna jina la bwana hapo na hakuna kiti maalum.

Nyar_Kaloleni:
Sasa wacha niwaambie kwanini nimeshikilia mchujo. Nilikuwa ajenti kwa mchujo wa wadi moja hapa, chama sitaji. Mgombea wetu alikuwa mama anauza omena soko la Kibuye, mwekahazina wa vikundi vya akina mama, kila mtu anajua hajawahi kukula pesa ya mtu. Masanduku yalikuwa yafike asubuhi, yakafika jioni, shule haina stima, tukaanza kuhesabu na tochi za simu. Geti limejaa vijana wa mpinzani na pikipiki, wanapiga honi tu bila kusimama.

Saa nne usiku ajenti wetu wa kike wakaanza kupigiwa simu na mabwana zao, uko wapi, unajua ni saa ngapi, watoto wamelala njaa. Mmoja alikuwa anasimamia darasa la pembeni kabisa, akakunja leso yake, akaniambia dada nisamehe, akaenda. Hilo darasa likabaki bila mtu wetu. Karatasi ya matokeo ya hilo darasa ilipokuja ilikuwa na kura nyingi kuliko watu wenye tulikuwa tumeona kwa foleni, na hatukuwa na sahihi ya ajenti wetu kupinga. Tukashindwa na tofauti ndogo sana.

Sasa hapo mzee wa Mumias naona kitu kile kile cha mlolongo. Kura ni ya siri sai, lakini usiku wa kuhesabu bado kuna mtu anaitwa jina lake anarudi nyumbani. Vyama vikianza kuhesabu mchana tu, na vikilipa ajenti na kuwapeleka nyumbani na gari, mtaona wanawake wangapi watapita bila sheria ingine mpya. Mimi naamini hivyo kabisa.

Mzee_wa_Mumias:
Hapo umesema neno binti yangu. Na sisi mabwana tujiulize pia, hiyo simu ya saa nne tunapiga ya nini.

Dada_wa_Nyalenda:
Shikamooni. Nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Niko na miaka 29, nafanya kazi ya afya ya jamii, natembelea nyumba kwa nyumba, na akina mama wa huku wamekuwa wakinisukuma nisimame MCA 2027. Pesa sina. Chama kikubwa cha huku najua sitapata tikiti, wameshaniambia kiti kina mwenyewe. Nifanye nini?

Nyar_Kaloleni:
Dada yangu karibu sana na usiogope. Kwanza wewe uko mbele ya wengi juu nyumba unazijua kwa majina. Kama ni kusimama bila chama, katiba inataka wapiga kura 500 waliosajiliwa kwa hiyo wadi wakuunge mkono, na uwe si mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na siku ya kura itakuwa Agosti 10, 2027. Sasa hapo sikiza vizuri, ingia e-citizen uangalie kwa msajili wa vyama kama jina lako liko kwa chama. 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa vyama ambavyo hawajawahi kuingia. Kama uko, jiondoe mapema na uhifadhi ushahidi.

Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, 2022 kwa MCA ilikuwa shilingi 5,000 na wanawake, vijana na walemavu walilipa nusu, kwa hivyo hiyo haiwezi kukushinda, wale akina mama wanaokusukuma wanaweza kuichanga. Pesa kubwa itaenda kwa ajenti siku ya kura. Tafuta sai watu wawili kwa kila darasa la kupigia kura, na uongee na familia zao mapema, si usiku huo.

Wa_Bahati:
Na hizo sahihi 500 chukua nyingi zaidi, kama 800, juu wengine utakuta wamejiandikisha kura kijijini na si hapo mtaani. Angalia nambari ya kitambulisho kila moja.

Kondele_Moja:
Mimi niko karibu na Nyalenda. Dada siasa zako sizijui bado na nitakuuliza maswali magumu kwa baraza kama mtu mwingine yeyote, lakini kukaa darasani mpaka kura ya mwisho ihesabiwe hiyo naweza. Niandikie kwa ujumbe.

Dada_wa_Nyalenda:
Asanteni sana wote. Nimeingia e-citizen sai hivi, jina langu liko kwa chama ambacho hata sijawahi kuona ofisi yake. Kesho naanza na hiyo.